Wimbo Usiotaja Vita

Hebu tuanze na jambo ambalo mashabiki wengi wa wimbo huu hawajaliona, au wameliona wakalipita: ndani ya "Wrong Side of Heaven" hamna bunduki. Hamna askari, hamna jangwa, hamna helikopta, hamna jina la nchi yoyote. Kuna mtu mmoja tu anayesema amezungumza na Mungu, anajihesabia mema na mabaya yake, na hesabu inamgomea. Basi. Lakini mwulize shabiki yeyote wa bendi ya Five Finger Death Punch wimbo huo unahusu nini, atakujibu hapo hapo bila kukuna kichwa: unahusu wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka vitani wakaishia kulala barabarani.

Jibu hilo halikutoka kwenye mashairi ya wimbo. Limetoka kwenye video. Wimbo wenyewe ulitoka mwaka 2013, ndani ya albamu yenye jina refu kama treni, The Wrong Side of Heaven and the Righteous Side of Hell, Volume 1. Video ikafuata Agosti 2014. Kwa mwaka mzima, kwa hiyo, ulikuwa wimbo wa mtu yeyote mwenye dhamiri inayomnyima usingizi: mlevi, mzinzi, mtu aliyemtupa mama yake. Video ilipotoka, wimbo ukapata mwenyewe. Ukawa wa wapiganaji waliostaafu. (Nakwepa makusudi kusema "maveterani". Neno hilo kwetu wameshalichukua wazee wanaocheza mpira Jumapili asubuhi, na nikiliandika hapa najua baadhi yenu mtaona vitambi na jezi.)

Naandika habari za wimbo huu kwa sababu inatuhusu sisi tunaojifunza kuandika. Kijana yeyote wa mjini akishajulikana mtaani kwamba ana kipaji cha kalamu, haupiti muda mrefu ataombwa aandike kitu cha "kuhamasisha". Mchezo wa kuigiza kuhusu ukimwi, shairi kuhusu usafi wa mazingira, ngonjera kuhusu dawa za kulevya. Analipwa nauli na soda. Na hakuna anayemwuliza kama shairi ni zuri. Anaulizwa kama ujumbe umefika. Sasa hapa tuna wimbo ambao kwanza ulitungwa, halafu ndipo ukapewa ujumbe wa kubeba, na ujumbe huo ukafika kweli kweli. Video hiyo imetazamwa mamilioni kwa mamilioni ya mara. Swali langu ni hili: je, kilichofika ni kile ambacho wimbo unasema?

Kabla ya kujibu inabidi tuwatoe hofu wale wanaodhani hevi metali ni makelele ya Shetani na nywele ndefu tu. Muziki huu umezaliwa na habari za askari mkononi. Bendi ya Black Sabbath, vijana wa viwandani kutoka Birmingham, Uingereza, walitoa albamu yao ya pili, Paranoid, mwaka 1970, vita ya Vietnam ikiwa imepamba moto. Watu wote wanaukumbuka "War Pigs", ule wa kuwalaani majenerali. Mimi nawaomba msikilize "Hand of Doom", uliojificha upande wa pili wa sahani. Geezer Butler, mpiga besi aliyekuwa akiandika mashairi yao mengi, amesimulia kwamba waliwaona askari wa Kimarekani waliotoka Vietnam wakiwa wameshakuwa watumwa wa heroini. Wimbo unaanza kwa besi peke yake, inanyata kama mtu anayeingia chumbani viatu mkononi, halafu gitaa linalipuka. Na mtunzi anatumia nafsi ya pili. "Wewe." Wewe unayejidunga, wewe muda wako umekwisha. Vietnam inatajwa mara moja, kwa kupita tu, mwanzoni, kama chanzo cha balaa, halafu sindano inatawala wimbo mzima. Ni wimbo mkali, usio na huruma hata tone. Hauombi msaada wa mtu.

Miaka 18 baadaye wakaja Metallica na "One", mwaka 1988. Hawa walikwenda kwenye riwaya ya Dalton Trumbo ya mwaka 1939, Johnny Got His Gun, na filamu ambayo Trumbo mwenyewe aliiongoza mwaka 1971. Ni habari ya askari wa vita kuu ya kwanza aliyepoteza mikono, miguu, macho, masikio na mdomo, akabaki akili tupu ndani ya kiwiliwili, kitandani. Katika wimbo aliyemfikisha hapo ni bomu la kutegwa ardhini. Hapa nafsi ni ya kwanza, na bwana, haijawahi kutokea nafsi ya kwanza iliyofungiwa ndani namna hii! Hana wa kumwambia lolote. Anaomba kufa, na hata ombi hilo halisikiki. Gitaa linaanza taratibu, safi, karibu na muziki wa kubembelezea mtoto. Dakika chache baadaye ngoma za miguu miwili zinapiga kwa mpigo wa bunduki ya rashasha, na hapo unajua kwamba vita haviko tena nje, viko ndani ya kichwa cha mgonjwa. Video yake ya mwaka 1989, iliyokuwa ya kwanza kwa bendi hiyo, ilichanganya vipande vya filamu ya Trumbo. Mwaka 1990 wimbo ukapata tuzo ya Grammy.

Nimezieleza hizo mbili ili mwone tulipo. Black Sabbath wanamwambia askari "wewe". Metallica wanaingia ndani ya mwili wake wanasema "mimi". Five Finger Death Punch nao wanasema "mimi", ila yule wa Metallica ni mhanga, huyu wa mwaka 2013 ni mshtakiwa. Hapo ndipo wimbo ulipolala wote, na hapo ndipo video inapopita mbio.

Tusikilize vizuri. Ivan Moody ni mwimbaji ambaye tumezoea kumsikia akinguruma. Hapa ameshusha sauti, anaimba, na gitaa la mwanzo ni la taratibu kabisa. Anayezungumza anasema Mungu amemwonea aibu. Anajiuliza amekuwa mtu gani. Anakana kwamba ni shujaa, anakana pia kwamba ni jiwe, na anakiri kuwa kupambanua haki na batili kumemshinda. Jina la wimbo linamweka upande mbaya wa mbinguni. Kiitikio kinaongeza kwamba papo hapo yuko upande mwema wa jehanamu. Maana yake, ukiniuliza mimi, ni kwamba ameyafanya mabaya kwa sababu njema, au mema kwa njia mbaya, na hakuna mlango unaomfaa.

Kuna kitu kimoja ambacho sisi wa Kiswahili tutakikosa tukiutafsiri. Katika Kiingereza Mungu wa wimbo huu ni mwanamke. Neno dogo la "yeye" la kike linamfanya msikilizaji wa kule, aliyelelewa na Mungu baba, ashtuke kidogo. Kwetu "amesema" ni amesema tu, awe baba awe mama. Nimejaribu njia kadhaa. Nikiandika "Mungu Mama" inakuwa hotuba. Nikiandika "yule Mama" anakuwa mzazi wake. Na hasara si ndogo, kwa sababu kuonewa aibu na Mungu wa kike ni jambo lingine kabisa na kuadhibiwa na Mungu wa kiume. Baba anachapa. Mama anakuangalia, halafu anageuza uso. Kwa askari aliyeapishwa na wanaume, akaamrishwa na wanaume, jicho hilo la mama ndilo asiloweza kulistahimili. Kama kuna mtu ana tafsiri inayokibeba kitu hicho, ailete tuichape.

Sasa twende kwenye video. Tunamwona mtu wa barabarani, aliyekuwa askari. Watu wanampita. Kumbukumbu za vita zinamrudia, mji unageuka uwanja wa mapigano. Juu ya picha yanapita maandishi ya takwimu na maelezo, na mwishoni inakuja orodha ya mashirika yanayowasaidia wapiganaji waliostaafu. Kwa upande wa fani sina ugomvi mkubwa. Ila maandishi, jamani! Unamwangalia mtu aliyejikunja ukutani, moyo umeshaanza kufunguka, mara inakuja namba. Unaacha kumwangalia, unasoma. Ukimaliza kusoma yeye ameshaondoka. Ni kosa lile lile la michezo yetu ya jukwaani, pale mgonjwa anapokaribia kukata roho halafu daktari anasimama mbele ya watazamaji na kutaja njia nne za kujikinga.

Lakini ugomvi wangu halisi uko kwenye maudhui. Maradhi ambayo video inayazungumzia yaliingizwa rasmi kwenye kitabu cha wataalamu wa akili wa Marekani mwaka 1980, na wapiganaji wa Vietnam walipigania sana yaingizwe. Kwa Kiswahili tuna neno ambalo linayakaribia: kiwewe. Mlango unagongwa kwa nguvu, mtu anaruka chini ya meza. Hiyo ni hofu iliyokataa kuondoka. Hofu ni rahisi kuionea huruma. Mtu mwenye hofu hana lawama.

Ila daktari mmoja wa akili, Jonathan Shay, aliyewatibu wapiganaji wa Vietnam huko Boston, alitoa kitabu mwaka 1994, Achilles in Vietnam, akiwalinganisha wagonjwa wake na shujaa wa utenzi wa Homer. Shay ndiye aliyewafanya watu waanze kuzungumza juu ya jeraha jingine: la dhamiri. Si habari ya kile alichotendewa askari peke yake. Ni usaliti wa wakubwa wake kwa kilicho haki, na wengine baada ya Shay wakaongeza: ni kile ambacho askari mwenyewe alikitenda, au alikiona kikitendwa akanyamaza. Jeraha hili haliponi kwa kuambiwa "pole". Haliponi hata kidogo kwa kuambiwa "asante kwa utumishi wako", msemo ambao Wamarekani wanautoa kwa kila askari wanayekutana naye. Ndiyo kwanza unalichokonoa. Mtu anajiona mchafu, nawe unampigia makofi.

Wimbo unalijua jeraha hili. Video inajua kiwewe. Wimbo unasema mimi si shujaa; video inatuomba tumwokoe shujaa aliyesahauliwa. Mtu na picha yake wanabishana mbele ya macho yetu, na kwa kuwa picha ina nguvu kuliko maneno, picha inashinda.

Mtaniambia: wewe nawe, watu wanalala nje, unaleta habari za dhamiri? Haya, tuzungumze habari za kulala nje. Video ilitoka wakati mchungu. Mei 2014 Eric Shinseki, waziri aliyesimamia masuala ya wanajeshi wastaafu, alijiuzulu baada ya kugundulika kwamba katika hospitali ya Phoenix, Arizona, orodha za wagonjwa wanaosubiri kuonwa na daktari zilikuwa zimechezewa. Shinseki mwenyewe ni mpiganaji wa Vietnam, sehemu ya mguu wake aliiacha kule. Katika hesabu ya usiku mmoja wa Januari mwaka huo walikutwa karibu 50,000 wasio na makazi. Januari 2024 walikuwa 32,882. Mwaka 2010 walizidi 74,000. Wimbo hauwezi kudai sifa kwa mteremko huo, maana ulikuwa umeshaanza kabla yake. Kazi kubwa ilifanywa na kitu kisicho na mdundo wowote: mpango wa hati za serikali za kulipia sehemu ya kodi ya nyumba, ambao ulipanuliwa kuanzia mwaka 2008. Mpangaji anachangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, hati inalipa kilichobaki, na anapewa mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa kumfuatilia asije akapotea tena. Karatasi, ufunguo, na mtu wa kukugongea mlango.

Hiyo ni habari njema. Ila mwaka 2021 peke yake wapiganaji wa zamani 6,392 walijiua, na wengi wa watu wa namna hiyo wana nyumba, wana kitanda, wana jokofu lenye chakula. Nyumba inamtoa mtu barabarani. Haimtoi mbele ya yule Mungu aliyegeuza uso. Kwa hiyo wimbo, ule wa mwaka 2013 usio na video, ulikuwa umetangulia mbele kuliko kampeni iliyokuja kuuchukua. Ulikuwa unazungumza na yule aliyeshapata ufunguo.

Kuna kimya kingine ambacho siwezi kukisamehe, si kwenye video tu, hata kwenye wimbo. Kama huyu mtu ni mshtakiwa, aliyetendewa yuko wapi? Mwiraki hayumo. Mwafghani hayumo. Mungu yumo, msikilizaji yumo, mwenyewe yumo. Na walioandika hati ya kumtuma hawamo pia. Black Sabbath, pamoja na ukali wao wote, upande wa kwanza wa albamu ile ile waliwataja majenerali. Five Finger Death Punch ni bendi inayopendwa sana na askari, imekwenda kuwaimbia hadi kambini, na inaelekea iliamua mapema kwamba haitauliza nani alituma na kwa nini. Uamuzi huo ndio ulioifungulia milango ya kambi, nakiri. Bendi inayomtukana rais haipewi ndege ya jeshi. Lakini una bei yake. Na muziki wenyewe una deni Iraki: mwaka 2003 ziliandikwa habari kwamba Wamarekani waliwapigia wafungwa wa Kiiraki nyimbo za Metallica kwa sauti kubwa, muda mrefu, ili kuwavunja wakati wa mahojiano. Sauti hiyo hiyo inayomfariji askari ilimfanyia kazi hiyo mtu mwingine chumba cha pili. Mtunzi wa hevi metali anayeandika kuhusu dhamiri ya askari na asiusogelee mlango wa chumba hicho ameacha ubeti mzima bila kuandikwa.

Pamoja na hayo, ukinipa nyimbo zote tatu uniulize ipi kubwa, nitasema "One", wala sitasita. Ukiniuliza ipi imemsaidia mtu, siwezi kuitaja nyingine isipokuwa hii ya mwisho. Orodha ile ya mashirika mwishoni mwa video, ambayo mhakiki yeyote wa shule ya zamani angeiita doa kwenye fani, mimi ningeibakiza. Aliyekuwa anatazama saa nane za usiku, chupa pembeni, alipata jina la mahali pa kwenda. Kitu hicho Trumbo hakukiandika na Metallica hawakukiweka.

Maandishi ya takwimu ningeyafuta yote. Na pale kwenye kiitikio, mtu anapokana kwamba yeye ni shujaa, nisingeonyesha uwanja wa vita. Ningeiacha kamera kwenye uso wake mpaka mstari uishe, hata kama ni uso ambao hatutaki kuuangalia kwa muda mrefu kiasi hicho.